Mji wa Mchana

"Fundi, usizibe!"

Fundi wa rangi alikuwa ameshachota puti kwenye ncha ya kisu chake na mkono umeshainuka. Akaganda hivyo hivyo, akageuza shingo kumtazama mama wa nyumba, bibi mfupi mwenye kitambaa kichwani na miwani mbili, moja machoni na moja ikining'inia kifuani.

"Nisizibe nini, mama?"

"Hayo matundu."

Fundi akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. "Haya? Mama, haya si matundu. Mbu akitua hapa anayaziba mwenyewe."

"Basi mwache mbu aje. Wewe usiyaguse."

Binti wa mama huyo, ambaye tangu asubuhi alikuwa akifunga vyombo kwenye maboksi, akatoa kichwa jikoni. Ni kitinda mimba, muuguzi, mtu wa kutoa amri na kufuatwa. "Mama, mwenye nyumba anataka nyumba yake ikiwa imepakwa rangi. Tulikubaliana. Matundu gani tena?"

Mama alikuwa akiangalia vidoa viwili, kimoja ukutani upande wa kushoto wa meza kubwa ya kuchorea, kingine kwenye fremu ya dirisha upande wa kulia. Vilikuwa matundu ya pini. Aliishi navyo miaka yote ya ndoa yake, akivifuta vumbi bila kuviwaza, na sasa alipoona puti ikivielekea, roho ilimruka.

Kazini walimwita Bi Rula, na jina alilipata kwa haki. Katika ofisi ya ramani za majengo, enzi zile ramani zilipochorwa kwa mkono juu ya karatasi angavu, hakuna aliyevuta mstari kama yeye. Siku hizi mashine inachora, ukikosea unafuta kwa kidole, na watu wanajiita wachoraji. Enzi zile ukikosea ulikwangua wino kwa wembe, polepole, pumzi umeibana, na ukitoboa karatasi ulianza upya kazi ya wiki nzima na hakuna wa kukupa pole. Bi Rula alichora kila kitu kama kinavyoonekana kwa ndege aliye juu. Ukuta ni mistari miwili minene. Mlango ni mstari mwembamba wenye tao linaloonyesha unafungukia wapi. Ngazi ni vistari vilivyopangana na mshale wa kupandia, na mti ni duara lenye nukta katikati. Alama hizo zilimkaa damuni. Akienda kwa watu kutoa pole, kabla hajapewa kiti alishaona mlango gani unafungukia upande usiofaa, na mara nyingine alisema, na mara nyingine waliudhika.

Meza ya dirishani ofisini hapo ilikuwa ya kijana mrefu, mwembamba, aliyehamishiwa pale kutoka kituo kingine. Yeye alikuwa mtu wa picha za mtazamo. Ukimpa ramani ya jengo ambalo bado ni kiwanja chenye mbuzi, alikuchorea litakavyoonekana utakapokuja kusimama mbele yake, kivuli chake kimelala chini, na barabara yake inakwenda ikipungua, ikipungua, mpaka inatokomea kwenye nukta moja. Walimwita Bwana Mbali kwa sababu ya tabia yake ya kufumba jicho moja, kunyoosha penseli na kukutazama kana kwamba uko ng'ambo ya mto, hata kama umesimama puani pake unadai kitu chako.

"Unanipima nini?" Bi Rula alimuuliza siku ya kwanza.

"Nakutafutia mahali."

"Mahali pangu napajua. Leta rula."

Mji wao ulianza hapo, kwa ubishi. Bi Rula alidai kwamba picha za mtazamo ni uongo wa kupendeza, kwamba ukweli wa mahali uko kwenye ramani. Mchana mmoja, wenzao walipoteremka kula, akachukua kipande cha karatasi kilichobaki na kuchora mtaa wa kubuni, uliopinda kama utumbo, wenye ngazi, kichochoro na soko la duara. Akamwekea mezani. "Haya, chora uongo wako hapo." Kesho yake mchana akakuta picha. Alipoitazama akajiona amesimama katika mtaa wake mwenyewe, kwenye kona ambayo hata yeye hakuifikiria, akiona soko lake likichungulia nyuma ya ngazi. Alikaa nayo muda mrefu, chai ikapoa. Mtu mmoja aliyefanya nao kazi husimulia kwamba siku ile Bi Rula alisahau kabisa kubisha.

Waliuita Mji wa Mchana, maana ulijengwa saa za chakula tu. Ulikua kwa kanuni zake. Bi Rula alichora ramani, mwenzake alichora picha, na kila picha ilipokamilika, Bwana Mbali alitakiwa aweke kwenye ramani alama ya jicho, kiduara kidogo chenye mdomo kama wa ndege, kuonyesha alikuwa amesimama wapi na anatazama wapi. Bila jicho, picha haikubaliwi. Bi Rula alikuwa mkali kwenye hilo kuliko mhandisi yeyote aliyewahi kuwasimamia.

Wakaoana. Mji ukahamia nyumbani, katika chumba hiki cha mbele. Picha zilipokuwa pana, nukta ambako mistari hutokomea zilianguka nje ya karatasi, nje ya meza kabisa, kwa hiyo Bwana Mbali alichomeka pini moja ukutani na nyingine kwenye fremu ya dirisha, akafunga uzi kwenye kila moja na kuuvuta mpaka kwenye karatasi ili umwongoze. Jumapili, chumba kilikuwa na nyuzi kama kamba za kuanikia nguo, na watoto walijifunza kupita kwa kuinama. Kitinda mimba hakuwahi kujifunza. Siku moja alipita mbio na kikombe, uzi ukamkamata shingoni, maziwa yakamwagika juu ya ramani, katikati kabisa ya mtaa wa shule. Bi Rula alipiga kelele majirani wakatoka. Mumewe akatazama doa lile kwa jicho moja, akachukua kalamu, akalizungushia mstari pembeni, akaandika *Bwawa la Maziwa*. Shule ikahamishwa. Mtoto akaambiwa yeye ndiye mwenye bwawa, na mpaka leo anajivuna.

Raha ilikuwepo, lakini na mwiba wake ulikuwepo. Bwana Mbali alikuwa mtu wa kuhamishwa. Kila kulipotakiwa mchoraji katika kituo cha mbali, jina lililoitwa lilikuwa lake, na Bi Rula hakuwahi kumsikia akilikataa. Alikaa miezi huko, akarudi kwa wiki chache, akaondoka tena. Huko alikokuwa alichora picha za Mji na kuzituma kwa posta, na alama za jicho aliziandika pembeni ili mkewe aziweke kwenye ramani. Ndipo Bi Rula alipoanza kuona jambo. Macho yote ya mumewe yalikuwa darajani, langoni, njia panda, stendi ya mabasi. Hapakuwa na hata moja ndani ya nyumba.

Na nyumba ilikuwepo. Bi Rula aliichora mwanzoni kabisa kando ya mto, mgongo wake ukielekea stendi na uso wake ukielekea daraja, yenye baraza, na barazani benchi la watu wawili.

"Chagua basi nyumba yako mjini," alimwambia kila aliporudi. "Hata muuza mkaa anayo."

"Mimi mpita njia tu, bibi wewe. Mji wenyewe umejaa."

Bwana Mbali alicheka, na mkewe akacheka naye, lakini jibu hilo hakulisahau. Mwanamke anaweza kuzaa na mtu, kumfulia na kumsubiri, na bado asijue kama mtu huyo amefika au anapita. Hilo ndilo swali alilolibeba Bi Rula maisha yake yote, na hakuwahi kuliuliza waziwazi, kwa sababu aliogopa kujibiwa kwa utani.

Uzeeni Bwana Mbali alirudi moja kwa moja, lakini alirudishwa na ugonjwa, na mkewe hakutaka kujidanganya kwamba ni kitu kingine. Miezi ya mwisho alichora picha moja tu, hapa hapa, mkono ukitetemeka. Alipomaliza akamwita.

"Safari hii sikuwekei jicho. Si wewe mwenye ramani? Nitafute."

Bi Rula alitazama picha: daraja, watu, na mitaa miwili inayotokomea kila upande. Mumewe alikuwa na desturi moja isiyovunjika. Watu wake wote, wa karibu na wa mbali, vichwa vyao vilikaa kwenye mstari mmoja, ule wa upeo wa macho, maana mtu aliyesimama akiwaangalia waliosimama, macho yao wote yako usawa mmoja. Katika picha hii vichwa vilichomoza juu ya mstari. Kila mtu alikuwa mrefu kupita kiasi, mstari unampita kifuani. Mchoraji mwanafunzi hukosea hivyo. Akaona kwamba mkono ule umekwisha, akasema, "Nzuri, baba watoto," akaikunja na kuiweka juu ya kabati. Hakutaka hata kumtafuta katika picha ile iliyoharibika. Haikupita muda akamzika.

Sasa alikuwa anahamia kwa binti, meza imepata mnunuzi, na fundi alikuwa ameshika puti. Mistari ya picha ile ilitetemeka, ukiifuata kwa rula kila mmoja unakupeleka upande wake. Matundu ndiyo hayakutetemeka. Yakishazibwa, hakuna atakayejua kamwe mzee alikuwa wapi.

"Niteremshie ile picha juu ya kabati," alimwambia binti. "Na uzi mweusi."

"Mama, fundi analipwa kwa siku."

"Kwa hiyo afanye kazi. Fundi, njoo ushike uzi."

Akaibandika picha mezani, pini za pembe zake zikiingia kwenye vitundu vya zamani vya ubao wa meza, zikakaa sawasawa kama mguu kwenye kiatu chake. Akachomeka pini mbili mahali pake. Fundi akashikilia moja isitoke, binti nyingine, na Bi Rula akakusanya nyuzi zote mbili mkononi, akarudi nyuma kutoka katikati ya picha hatua kwa hatua, ameinua hewani kipimo chake cha pembe mraba.

"Mama, tunafanya nini hasa?" fundi akauliza kwa adabu.

"Tunamtafuta mume wangu."

Fundi akamtazama binti. Binti akainua mabega.

"Pini zinaniambia mitaa yake miwili ilikuwa inakwenda wapi," Bi Rula akaeleza, kwa sauti ile ya ofisini. "Nyuzi zikikutana kwenye pembe hii sawasawa, hapo ndipo jicho lake lilipo mbele ya karatasi. Halafu naona mguu wa nguzo ya daraja umeshuka kiasi gani chini ya mstari wa upeo wa macho, nalinganisha na kimo cha jicho lake toka ardhini, najua alikuwa mbali kiasi gani. Ni hesabu tu. Kaza uzi."

Nyuzi zikakutana. Akapima, akakaa mezani na penseli, akabadilisha miwani. Kimo cha jicho la mumewe hakuhitaji kukitafuta. Alikipima mara ngapi enzi za ujana, amesimama wima mlangoni, mrefu, kichwa karibu na fremu? Akaandika kimo hicho, akapiga hesabu, akakunjua ramani kubwa ya Mji, akavuta mstari kutoka darajani, akapima kwa bikari, akachoma.

Ncha iliingia katikati ya stendi ya mabasi.

Bi Rula akavua miwani. "Stendi," akasema. "Nyuma ya nyumba yangu kabisa, na yuko stendi. Hata siku zake za mwisho."

"Mama…"

"Ziba, fundi. Ziba tu."

Na machozi yakamtoka waziwazi, bila kujificha. Alikuwa amelia msibani kama wajane wote, lakini kilio hiki kilikuwa cha kitu kingine. Kilikuwa cha kila mwisho wa mwezi alipokuwa akisimama dirishani kumsubiri.

Fundi hakuziba. Alikuwa ameinama juu ya ramani, mikono nyuma asije akaichafua, na baada ya kukohoa mara mbili akasema, "Samahani, mama. Mimi ramani sizijui sana. Lakini hii mistari minene si ndiyo kuta? Sasa mzee akiwa huku stendi, daraja analionaje? Nyumba hii hapa si imemziba?"

"Imemziba," akakiri. "Alikosea. Mkono ulishakwisha, fundi. Tazama watu wenyewe, warefu kama minazi. Yeye hakuwa akichora hivyo."

Binti akaacha pini yake, akaja. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya picha uso kwa uso, akakaa hapo akiitazama kwa namna ya mtu anayesoma karatasi ya mgonjwa. Kisha akainua macho kumtazama mama yake aliyekuwa amesimama.

"Na wewe sasa hivi ni mrefu," akasema. "Nikikutazama mbele moja kwa moja, naona kifua chako."

"Unasema nini?"

"Mama, baba siku zile si alikuwa hasimami? Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Kuanzia pale picha ilipoanza mpaka ilipokwisha hajasimama hata mara moja. Alikuwa amekaa."

Bi Rula alivaa miwani, akaivua, akavaa ile nyingine. Mtu aliyefanya kazi ya vipimo maisha yake yote, aliyekuwa akirudisha ramani za wahandisi kwa kosa la unene wa ukuta, hakuwa amepima. Alichukua kimo cha kijana mmoja mlangoni na kumvika mzee aliyekuwa kitini. Kichwani mwake mumewe alikuwa bado amesimama, begi mkononi. Hakuwahi kumwona akikaa, hata alipokuwa amekaa mbele yake.

"Hakukosea," akanong'ona. "Ole wangu. Hakukosea hata mtu mmoja."

Akafuta hesabu ya kwanza. Akapima kimo cha jicho la mtu aliyekaa, kwa binti yake pale pale kigodani, kwa tepu ya fundi. Namba zikashuka, na umbali ukashuka nazo. Akachukua bikari, akaanza tena darajani. Nukta iliondoka stendi. Ikavuka barabara ya nyuma, ikapita ukuta, ikapita jikoni, ikapita sebule aliyoichora akiwa msichana, ikatoka kwa mlango wa mbele ambao tao lake linafungukia nje, kuelekea mtoni. Ikatulia barazani.

Akasogeza uso. Ilikuwa juu ya benchi. Haikuwa katikati ya benchi, ingawa mtu aliye peke yake hukaa katikati. Ilikuwa mwisho kabisa, upande wa mbali na mlango, imejibana pembeni. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa siku zote kwenye kochi lao, kwa sababu mkewe alipenda upande wa mlangoni, apate kuinuka haraka akisikia chungu kinachemka.

"Kaniachia nafasi," akasema Bi Rula.

Binti akamshika bega. Fundi akageuka kuangalia dirisha, akapangusa kisu chake ambacho puti ilikuwa imeshakaukia.

Bi Rula aliomba kalamu ya wino. Ilikuwa chini ya boksi la tatu, likafunguliwa bila mtu kunung'unika. Akaijaribu kwenye kidole, ikatoa. Akachora kiduara kidogo mwisho wa benchi na mdomo wake ukitazama daraja. Mstari wake ulitoka safi kama zamani. Akapuliza wino, akasubiri ukauke, kisha akang'oa pini zile mbili mwenyewe, moja ukutani, moja kwenye fremu.

"Sasa je, mama?" fundi akauliza taratibu. "Niyaache?"

"Ziba, baba," akasema. "Mwenyewe ameshafika nyumbani."